Kofia Iliyotiwa Wanga

Jadida, Wete
Jumapili, 2 Juni 2024

Mdogo wangu Mmanga,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii inakukuta unapumua, maana kunenepa najua unanenepa, picha zako zinasema. Siye huku wazima kwa wastani. Goti langu la kulia limekataa ngazi, sikio la kushoto limekataa simu, vilivyobaki vinafanya kazi. Mvua ya mwaka huu imetoboa paa la jikoni ikaingia mpaka kwenye pipa la unga. Chupa ya chai uliyonitumia imefika. Nzuri, ina maua, lakini nikitia chai ya moto baada ya sala ya alfajiri, jua likichomoza nakunywa sharubati. Huyo aliyekuuzia kwenye soko lenu la vikuukuu alikuona unakuja.

Utauliza kwa nini nakuandikia wakati watu wote wanapigiana simu za picha. La sikio nimekwambia. La pili, simu ya nyumba hii anayo Rahma, na ninalotaka kusema linamhusu Rahma mwenyewe. Basi barua atakuletea Bwana Ahmada, anayekwenda kumtazama mwanawe hapo Kopenhagen kwenu, nawe utanijibu kwa njia hiyo hiyo au kwa sanduku la posta la skuli niliyokuwa nikisomesha. Bado wananipokelea.

Sasa nisikilize. Mwanangu Hafidh, tangu atoke Maskati akasema anakwenda Ulaya, ni miaka mitatu na miezi minane hatujasikia sauti yake. Oktoba itatimia minne. Mkewe Rahma amekwenda kwa kadhi, na sikumkataza. Kadhi amemwambia: miaka minne ikitimia bila habari, mume atahukumiwa kuwa amekufa, mke atakaa eda ya kufiwa, kisha yuko huru. Lakini habari ikija kwamba yu hai, hukumu hiyo haipo tena, itafutwe talaka. Mwalimu Shaame wa Wawi, yule aliyefiwa na mkewe, ameshatuma watu. Mtu mzuri, sina la kumsema.

Juzi amekuja Nyange wa Fundo, baharia. Anasema mwaka jana meli yao ilitia nanga huko kwenu, akaenda kwenye hilo soko la vitu vilivyotumika, akamwona kijana anashusha meza garini. Kwa mgongo, anasema, ni Hafidh. Alipozunguka kumtazama uso, hayupo.

Nenda, Mmanga. Weye kila Jumamosi uko huko unanunua takataka, basi hizi Jumamosi nizawadie mie. Mkuu wa jiko mzima hashindwi kumtafuta mtu mmoja. Ile picha yako umesimama mbele ya duka la vioo, na koti refu, bado iko ukutani sebuleni. Hafidh aliitundika kwa mkono wake.

Dada yako,
Mwanabaraka


Kopenhagen
Jumapili, 30 Juni 2024

Dada yangu Mwanabaraka,

Waalaykumu salaam, na Idi imepita salama. Niliswali kwenye ukumbi wa michezo, nyuma ya Mturuki mrefu kama mnazi, sikumwona imamu mpaka tulipotoka. Mimi mzima. Kitambi kinakusalimia, naona ndicho pekee kinachofanya bidii katika mwili huu. Kuhusu chupa ya chai nakubali kosa. Bibi aliyeniuzia aliniambia imekaa kabatini miaka thelathini bila kutumika. Ilinipasa nijiulize kwa nini.

Nimekwenda, Dada. Jumamosi nne nimekwenda. Wenyewe wanaliita soko la viroboto, na mtu akisikia hivyo atadhani watu wanajikuna. Hakuna kiroboto. Uwanja mzima una meza, na juu ya meza kuna nyumba za watu zilizopinduliwa: vikombe visivyo na sahani, sahani zisizo na vikombe, miwani ya mtu aliyekwisha kufa, picha za harusi za watu nisiowajua na fremu zake. Mtu akifa huku, wanawe huchukua wanachotaka, kisha huita gari, na kila kilichobaki kinakuja uwanjani kuuzwa. Nimeona kitanda ambacho mto wake bado una shimo la kichwa.

Nikipita huko nakwenda pale mjini penye ule mtaa usioingia gari. Unaukumbuka kwenye picha. Ni mrefu, unatembea nusu saa hujaumaliza, pande zote vioo, na watu wanakwenda kama maji ya mfereji, kila mmoja na mfuko wake. Hapo nasimama penye chemchemi natazama nyuso. Dada, nyuso ni nyingi mno. Macho yanauma kama mtu aliyeshinda akichambua mchele.

Jumamosi ya pili nilidhani nimempata. Mgongo ule ule, na kichwa kimeinama kidogo upande, kama anavyofanya akibeba kitu. Nikaita kwa sauti ya Wete, "Hafidh! Wee Hafidh!" Soko zima likageuka isipokuwa yeye. Nikamshika bega. Ni Mgambia, mtu wa watu, ana meno mawili ya dhahabu. Akaniuliza, "Unatafuta nini, baba?" Kwa aibu nikasema natafuta pasi. Akaniuzia pasi. Sasa ninazo nne, na shati zangu bado zina mikunjo.

Sikumwona, Dada. Nitarudi tena. Rahma mpe salamu, usimwambie habari ya Mgambia.

Mdogo wako,
Mmanga


Jadida, Wete
Jumapili, 11 Agosti 2024

Mdogo wangu Mmanga,

Salamu kwa wingi. Karafuu zimekubali kidogo mwaka huu, jamvi la uani limejaa, na nyumba nzima inanukia mpaka mtu anaumwa kichwa. Paa limezibwa. Nimecheka habari ya pasi mpaka Rahma akatoka jikoni kuuliza. Nikamwambia nimekumbuka kitu cha zamani. Akanitazama, akarudi zake.

Siku hizi ananitazama sana huyu mtoto. Jioni tunakaa barazani kila mtu na kofia yake ya mkono, mie nazishona bado japo macho yamechoka, na yeye mkono wake umeshanipita. Viua vyake, vile vitundu vidogo vya kofia, vyote sawa kama vimetobolewa na mashine. Hafidh aliondoka na moja aliyoishona Rahma, nyeupe juu ya nyeupe, kazi ya miezi mitano. Hakuna nyingine kama hiyo, kwa kuwa alibuni ua lake mwenyewe, na mie nilimwambia asilirudie kwa mtu mwingine.

Huenda hiyo ikakusaidia kumtambua. Nimekwambia kwa sababu hiyo.

Mwalimu Shaame alikuja mwenyewe wiki iliyopita. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akakataa kuingia ndani. Akanambia, "Bi Mwanabaraka, mimi sina haraka ya kumharakisha mtu. Nangoja kadhi. Ila nikikaa sana nyumba inanishinda, unajua nina watoto." Nikamwambia najua. Rahma alikuwa nyuma ya pazia, chai ikamwagika.

Sitakuficha lililo moyoni, maana weye ndiye uliyebaki wa tumbo moja nami. Sitaki Oktoba ifike. Kadhi akisema amekufa, watu watakuja kunipa mkono. Nitaambiwa niweke khitma ya mtu ambaye sijaona amelala wapi. Nataka Rahma aolewe, wallahi nataka, amekuwa mwanangu kuliko wa tumboni. Lakini sitaki aolewe kwa kifo cha Hafidh. Mtafute, akupe talaka kwa maandishi. Mistari miwili tu. Rahma atakaa eda yake, ataolewa Wawi, na mie nitabaki na mtoto aliye hai mahali fulani.

Ndilo hilo ninalolitaka. Naona si kubwa.

Dada yako,
Mwanabaraka


Kopenhagen
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Dada yangu,

Salamu. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na kazi nyingi.

Ndani ya kisanduku hiki utaikuta kofia. Niliiona Jumamosi sokoni juu ya meza ya mama mmoja, katikati ya vikombe na vijiko. Nilimwuliza ameipata wapi, akasema imetoka kwenye nyumba ya mtu aliyefariki, hajui jina. Nadhani unaweza kuitambua. Mimi sina uhakika.

Ikiwa ndiyo, basi pengine ni bora kadhi aendelee. Mwenyezi Mungu anajua zaidi.

Wasalimie wote.

Mmanga


Jadida, Wete
Jumapili, 24 Novemba 2024

Mmanga,

Waalaykumu salaam. Hatujambo. Goti ni lile lile.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Haina mzaha hata mmoja. Weye ulimchekesha shehe siku ya maziko ya baba yetu, tukaona haya sote, leo unaniletea habari ya kifo cha mwanangu kwa maneno ya karani. Hilo lilikuwa la kwanza kunishtua.

La pili ni kofia. Ni yenyewe, ua la Rahma lile. Niliishika nikalia, nikaiweka usoni, na hapo ndipo nilipoacha kulia. Kofia imesimama wima, Mmanga! Ukingo unakata kama kadi. Imefuliwa, ikatiwa wanga wa maji ya wali, ikavishwa juu ya bakuli mpaka ikakauka, nikiinusa nasikia wali. Niambie mdogo wangu, ni mzungu gani wa nyumba ya marehemu aliyekaa akachuja maji ya wali akaitia kofia wanga? Na huyo mama wa vijiko, hakuilaza kofia hata siku moja chini ya sahani zake? Kofia iliyokaa katika rundo la vitu inalala, inakuwa kama kitambaa cha kufutia. Zako weye zote ndivyo zilivyo, tangu ujana wako hujawahi kutia wanga kofia yoyote, ulikuwa ukizivaa kama mkate wa maji uliopozwa. Basi si weye uliyeifanya.

Halafu ndani, penye ukingo, kuna mshono mpya. Uzi wa kijivu, umeshonwa vibaya, mafundo manene. Ni mkono wa mwanamume aliyefundishwa na mamake akiwa mdogo na hakusikiliza. Nimeufundisha mwenyewe mkono huo.

Yu hai. Na weye umemwona, ukaniongopea.

Sikasiriki. Nitakasirika baadaye, sasa sina nafasi. Kofia sikumwonesha Rahma. Nimeificha chini ya nguo zangu sandukuni. Miaka minne ilipotimia alikuwa anangoja kuitwa kwa kadhi, mie nikamtangulia. Nimekwenda kwa kadhi peke yangu nikamwambia aisimamishe hukumu, mwanangu yu hai na anarudi. Akaniuliza, "Una ushahidi gani, mama?" Nikamwambia uko njiani. Ni mtu mpole, amekubali kungoja. Rahma aliporudi kutoka huko na jibu hilo alikwenda kuchota maji wakati mapipa yote yamejaa.

Mlete nyumbani, Mmanga. Sitaki tena mistari miwili, namtaka mwenyewe. Akija atakaa na mkewe, na Mwalimu Shaame atapata mwengine. Mlete.

Mwanabaraka


Kopenhagen
Jumapili, 22 Desemba 2024

Dada yangu Mwanabaraka,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku jua linatoka saa tatu asubuhi kama mfanyakazi wa serikali, na saa tisa na nusu limeshaondoka. Nakuandikia hivi ili uone mzaha ninao bado. Sasa nitakwambia kweli, na naomba uisome umekaa.

Nilimpata Ijumaa, tarehe kumi na tatu Septemba. Hakuwa sokoni. Alikuwa katika ule mtaa usioingia gari, katikati kabisa, watu wanampita kushoto na kulia. Ameshika bango refu lenye mshale, unaoonesha njia ya kichochoro ambamo kuna duka linalouza viatu kwa bei ya kufunga duka. Hiyo ndiyo kazi yake siku za wiki: kusimama. Jumamosi hushusha meza sokoni kwa mtu anayenunua vitu vya marehemu. Na kulala hulala katika bohari la mtu huyo, kwenye kitanda chochote ambacho hakijauzwa.

Nilisimama mbele yake. Amekonda, ndevu zimeingia mvi, na ana miaka thelathini na mbili. Nikasema, "Hafidh."

Akasema bila kunitazama, "Mjomba, usisimame hapo, unaziba mshale."

Nilidhani ananitania. Nikasogea. Kweli alikuwa ameajiriwa kwa mshale.

Alipomaliza tukaenda kunywa chai. Akaniambia ameniona mara nyingi. "Kila Jumamosi unakuja, unashika pasi, unaiweka, unashika nyingine. Siku ile ulipomwita Lamin, yule Mgambia, jina langu nilikuwa nimelala chini ya gari, mjomba. Nilijiziba mdomo." Nikamwuliza kwa nini. Akacheka, Dada, kicheko chenyewe sikukipenda. "Nilikuja kuutafuta ule mtaa wa kwenye picha yako," akasema. "Nimeupata. Nimesimama katikati yake miaka mitatu."

Basi na hili nalo lijue. Duka lile la vioo nyuma yangu sijawahi kuingia. Koti lile lilitoka kwenye meza ya soko, na kola yake ilikuwa na jina la mtu mwengine. Jikoni kwangu mimi si mkuu wa kitu chochote. Naosha masufuria ya skuli, miaka ishirini na mbili. Nyinyi mlisema mkuu, nikanyamaza, ikapendeza, nikaendelea kunyamaza. Hafidh alipotundika picha ile ukutani, alikuwa anatundika uongo wangu.

Nikamwambia arudi, tiketi nitaitafuta. Akasema hapana. Nikamwambia basi mwandikie Rahma talaka, mistari miwili, mimi shahidi, na wa pili tutampata msikitini. Akasema hapana. Nikapandisha sauti mpaka watu wa mkahawa wakatutazama. "Unamzuilia nini mtoto wa watu?"

Akasema, "Nikiandika, mama atajua nipo. Akijua nipo atangoja. Nimechoka kungojewa, mjomba. Nikiamka asubuhi najua kuna watu wawili Jadida wananingoja, siwezi kuinua hata mguu. Mtu aliyekufa hangojewi. Rahma ataolewa, mama atalia, kisha watakula."

Wiki ya tatu yake akaniletea kofia. Aliifua, akaipigia wanga, akaniambia, "Sema umeikuta mezani." Wanaume wawili wazima, Dada, tumekaa tumepanga uongo, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba kofia haijitii wanga. Yeye alisema hawezi kuitoa mkononi ikiwa chafu, mama ataona haya. Nami niliikubali kwa sababu nilitaka Rahma awe huru bila weye kujua kwamba mwanao hataki kurudi. Niliona kifo ni chepesi kuliko hilo. Sijui kama nilikosea katika mizani. Najua nilikosea katika kukuamulia.

Barua yako ilipofika nilikwenda kumtafuta. Masoko ya nje yamefungwa kwa baridi. Mwenye bohari anasema Hafidh alichukua begi lake mwanzo wa Novemba akaaga, hakusema anakwenda wapi. Mtaani bango lipo, amelishika msichana mweupe mwenye vifaa vya muziki masikioni. Nilisimama mbele yake muda mrefu mpaka akaogopa.

Dada, hatarudi. Namjua mtu anayesema hapana ili abembelezwe, na huyu si huyo.

Nimeambatanisha karatasi ya pili. Ni ushahidi wangu kwa kadhi: kwamba nilimwona Hafidh kwa macho yangu yu hai tarehe hiyo, kwamba alisema hatarudi kwa mkewe wala hamwachi, na kwamba hampi chochote. Nimetia sahihi mbele ya imamu na mashahidi wawili. Nimemwuliza mtu anayejua, amesema kwa hayo kadhi anaweza kuvunja ndoa yeye mwenyewe, bila kifo na bila talaka. Mpe Rahma karatasi hii mkononi mwake. Mpe mapema. Bwana Ahmada anarudi huko mwanzo wa Januari, ndiye anayeileta. Mwalimu Shaame asipoteze subira kwa sababu ya sisi wawili.

Nisamehe. Sina neno jingine lenye nguvu kuliko hilo, nami nalitumia vibaya kila siku.

Mdogo wako,
Mmanga


Jadida, Wete
Jumapili, 20 Aprili 2025

Mdogo wangu Mmanga,

Waalaykumu salaam. Ramadhani tumeifunga, Idi tumeila. Ulipiga simu mara nyingi, najua, na kila mara nilimwambia Rahma akwambie sisikii, nawe kwa haya hukumtajia barua. Siku nyingine nilikuwa nasikia.

Barua yako ilifika tarehe tisa Januari, Alkhamisi, baada ya adhuhuri. Bwana Ahmada aliileta na pipi. Niliisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyosema. Kisha nikaitia sandukuni pamoja na kofia.

Sitakupa sababu nzuri. Siku ya kwanza nilijiambia nitampa kesho. Siku ya pili nikajiambia Hafidh ameondoka kwenye bohari, mtu anayeondoka anakwenda mahali, labda anakuja huku. Nikaanza kuhesabu siku za safari. Nikampa wiki mbili. Nikampa mwezi. Nilipika kila siku chakula cha mtu mmoja zaidi na nikamwambia Rahma ni cha jirani. Kadhi alimtuma mtu kuuliza ushahidi umefika wapi. Nikasema bado.

Mwalimu Shaame alikuja Rajabu, akakaa kwenye kile kiti cha mlangoni. Akaniuliza, "Bi Mwanabaraka, kuna habari yoyote? Hata ndogo. Nikijua kuna jambo, nitangoja hata mwaka." Barua iko hatua sita kutoka pale alipokaa. Nikamwambia hakuna.

Ameoa Shaabani, wiki moja kabla ya mfungo. Mwanamke wa Wawi huko huko. Kadi ya mwaliko ilikuja kwetu pia, kwa heshima, na Rahma ndiye aliyenisomea, akiniinamia sikio hili zima, kutoka jina la Mungu mpaka saa ya walima. Sauti yake haikubadilika. Alipomaliza akauliza kama nataka arudie.

Nilimpa barua baada ya Idi, siku ya tano. Sijui kwa nini siku hiyo. Nadhani nilikuwa nimechoka kupika chakula cha jirani. Nikamwita chumbani, nikafungua sanduku, nikampa barua na karatasi ya ushahidi na kofia, vyote. Alikaa sakafuni akasoma. Kofia hakuigusa. Alisoma mara mbili, akazikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile ya zamani.

Akaniuliza, "Mama, hii imefika lini?"

Nikasema, "Tarehe tisa Januari."

"Kabla ya Shaame."

"Kabla."

Nilingoja anipigie kelele. Ningeshukuru, Mmanga. Aliinuka akaenda kukoka moto, maana ilikuwa jioni.

Kadhi ameivunja ndoa wiki iliyopita, kwa karatasi yako. Mie sikwenda, alikwenda na kaka yake. Juzi wamekuja kumchukua kumrudisha kisiwani Fundo kwa wazee wake, eda atakaa huko. Kabla ya kuondoka alifagia ua, akajaza mapipa, akanionesha dawa zangu zilipo, ya goti na ya presha, na ipi inanywewa kabla ya kula. Kisha akapiga magoti, akanishika mkono, akaniomba radhi. Ati pengine katika miaka hii saba alinikosea asijue. Mie ndiye niliyekuwa nayo ya kuomba, na mdomo ukagoma. Nikamwambia, "Nimekuradhi, mwanangu." Akasema ahsante. Mashua ilikuwa inangoja.

Kwa hiyo nyumba sasa ni mie. Simu ameniachia, naiona mezani inawaka nisijue kuizima. Picha yako nimeiteremsha, si kwa hasira. Ukuta una alama nyeupe pale ilipokuwa, nitaupaka chokaa nikipata mtu.

Joto likirudi huko kwenu, wakitoa meza zao nje, nenda kama ulivyokuwa ukienda. Ukimwona usimshike bega. Mpite karibu tu, umwambie mama yako amesema hakungoji tena.

Ni uongo. Lakini mwambie, na useme vizuri zaidi kuliko ulivyoniambia mie.

Dada yako,
Mwanabaraka